Aliyeachiliwa kwa Masharti



Katika mahakama zetu hutokea mtu akapatikana na hatia, naye asifungwe wala asitozwe faini. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chamruhusu hakimu, akiisha kulitazama kosa na tabia ya mkosaji, amwachilie kwa sharti kwamba asitende kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12. Mtu huyo hawekwi chini ya afisa wa probesheni, wala haendi kuripoti popote. Hakimu humweleza tu, kwa lugha nyepesi, kwamba akikosa tena kabla muda haujaisha, aweza kuadhibiwa kwa kosa lile la kwanza.

Basi hurudi nyumbani, na Jumapili twamwona kanisani. Hapo swali latujia sisi: ikiwa serikali haikumwekea msimamizi, sisi tu nani kwake?

Wako wasemao, "Ameponyoka." Si kweli. Hakimu hakusema kwamba hana hatia, bali amemwamini kwa muda. Wako wengine ambao hujifanya wasimamizi wenyewe. Akivaa shati jipya, wauliza fedha amepata wapi. Kuku akipotea, mlango wake ndio wa kwanza kubishwa. Sharti la mahakama ni moja, nalo lina siku ya kwisha. Masharti yetu ni mengi, hayakuandikwa popote, wala hayaishi.

Je, yatupasa kufumba macho? Hapana. Aliyekula fedha za chama hapewi ufunguo wa sanduku juma lile lile, na kumnyima ni kumhurumia. Lakini hadhari ya Kikristo huambiwa mtu mwenyewe, uso kwa uso, pamoja na siku ya kuiangalia tena. Tuhuma husemwa asipokuwapo, naye hana njia ya kuijibu. Mtu asiyeweza kujibu hukata tamaa, na aliyekata tamaa huona hakuna faida ya kujizuia. Hivyo twaweza kumsukuma katika kosa lile lile tunalodai kulizuia.

Tusisahau pia aliyeibiwa. Kuachiliwa na mahakama hakumrudishii mali yake, wala hakumwondolei uchungu. Asiambiwe na mtu yeyote kwamba lazima asahau.

Na wewe ndugu uliyeachiliwa, usidhani kwamba kukosa msimamizi ni jambo jepesi. Anayeripoti kwa afisa hukumbushwa kila mara. Wewe wajikumbusha mwenyewe. Mtazame Yusufu katika nyumba ya Potifa. Bwana wake hakukagua kitu, tena siku ya jaribu hapakuwa na mtu mwingine ndani. Alijizuia kwa sababu alimcha Mungu, si kwa kuogopa kuonekana. Mtazame na Zakayo. Hakuna mahakama iliyomwamuru, lakini aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Nawe usingoje miezi 12 ipite ndipo uanze kulipa. Peleka kidogo ulicho nacho, na maneno ya kuomba radhi.

Sisi sote tuna sababu ya kumwelewa mtu huyu. Kila Jumapili twapiga magoti, twaungama pamoja, na padre hututangazia ondoleo la dhambi. Kisha twatoka mlangoni, wala hapana anayetumwa kutufuata hadi nyumbani kuona kama tumetubu kweli. Mungu hutuamini namna hiyo juma baada ya juma. Ikiwa sisi twapewa hayo, twawezaje kumnyima mwenzetu miezi 12?

Basi aliye na kibarua shambani amwite. Wazee wa kanisa wamtembelee, wakamjulie hali wala wasimpeleleze. Na siku muda wake utakapokwisha, tuache kumwita kwa jina la kosa lake.