Sanda ni ya Pamba, Je, Nguo Zetu?

Mtume Muhammad (s.a.w.) alikafiniwa kwa vitambaa vitatu vyeupe vya pamba kutoka Yemen. Vazi la mwisho la mwanadamu halina chapa wala mfuko. Swali letu ni hili: mwanafunzi wa Kiislamu aliyetoka Adumi, mwenye pesa kidogo, avae nini kabla ya kufikia sanda?

Wako wanaosema jibu ni rahisi: nunua pamba, acha poliesta. Wana hoja. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli. Kila ikifuliwa huacha nyuzi ndogo za plastiki majini, na ikitupwa haiozi upesi. Pamba hunyonya jasho, na mwisho hurudi kuwa udongo. Lakini shamba la pamba nalo huweza kunyunyiziwa sumu kupita kiasi, na mkulima akapunjwa kwenye mizani. Uzi wa asili uliopatikana kwa dhulma hautakasiki kwa sababu tu ni wa asili.

Mkulima huyo si mgeni kwetu. Pamba ya biashara ilianza Uganda mwaka 1903, na hata West Nile ililimwa. Mpaka leo sehemu kubwa huuzwa nje kabla ya kufumwa, kisha sisi tunanunua mivumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hiyo ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru. Wengine wakarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo.

Je, anunuaye mivumba ana dhambi? Sioni hivyo. Mama anayefungua marobota Arua analisha watoto, na shati la pamba lililokwisha kufumwa halidai shamba jipya. Wa kujiuliza ni mwenye kanzu nne nzuri anayekopa ili anunue ya tano kwa ajili ya Idi, itakayochakaa kabla ya Idi nyingine. Hiyo ni israfu, hata bei ikiwa ndogo.

Basi tuanze na tulichonacho: kikichanika, kishonwe. Tukilazimika kununua, tutafute pamba itakayodumu, iwe mpya au ya mivumba. Mwenye uwezo ampe kazi fundi wa mtaani na amlipe kwa wakati. Nguo ya ziada apewe asiye nayo, ingali safi na nzima.