Mahali Pasipo na Watu

Vijana wa Babati tumeanza kuugua ugonjwa wa kimjini: tunatafuta mahali pasipo na watu. Zamani mtu akipata siku ya mapumziko alikwenda penye watu, harusini, mnadani, au hata stendi kutazama mabasi yakishusha abiria. Siku hizi ukimwuliza mwenzio Jumamosi anakwenda wapi, anakujibu kwa sauti ya chini kama anayetaja dawa: "Nataka kutulia, bwana. Pasipo na watu."

Sina ugomvi na kutulia. Babati ni makao makuu ya mkoa tangu 2002, na bodaboda zake zinalijua hilo kuliko sisi. Ninachohoji ni hesabu yenyewe. Tunaposema mahali hapana watu, tumemhesabu nani na tumemruka nani?

Swali hili lilinipata Hanang. Mlima wenyewe hauko mbali na kwetu, unashika barabara ya Singida mpaka Katesh, nao una zaidi ya mita 3,400. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hupandwa na makumi ya maelfu ya wageni kila mwaka, wanapishana njiani kama wako sokoni. Hanang unaweza kupanda kutwa nzima usikutane na mgeni hata mmoja, na hiyo ndiyo sifa wanayoupa wasafiri. Tulikwenda wanne. Tuliondoka Babati saa tisa za usiku, maana kupanda na kushuka kwa siku moja kunataka miguu na kunataka alfajiri. Maji unabeba mwenyewe.

Mwenzetu mmoja ni mshairi. Hajachapishwa bado, lakini daftari halimtoki mkononi. Kabla ya saa tatu asubuhi alikwisha kutusomea kwamba tumefika kwenye "kimya kisichoguswa na mwanadamu". Wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu.

Akina mama wawili walikuwa wakishuka na kuni kavu. Mzee mmoja alikuwa njiani kwenda kukagua mizinga yake ya nyuki. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatuuliza kwa upole kama huko mjini siku hizi hakuna kazi. Vijana wawili walikuwa wakilifuata bomba la maji la kijijini kwao, wakitafuta lilipoziba. Mtoto na mbuzi zake. Na kijana aliyetuongoza njia, ambaye amepanda mara nyingi hata hesabu imempotea. Watu saba, na bado hatujazifikia nyasi za juu. Kimya kisichoguswa!

Utasema: ah, shairi tu hilo, mwache kijana aimbe. Ningemwacha, kama sentensi ya namna hiyo isingekuwa imewahi kufanya kazi papa hapa. Katika nyanda za Basotu, upande wa magharibi wa mlima huu, Wabarabaig walikuwa wakihamisha ng'ombe kwa majira, malisho haya wakati wa mvua, yale wakati wa kiangazi. Aliyepita wakati ng'ombe wako kwingine aliona uwanda mtupu. Na kitu kitupu, si unajua, kinaita kujazwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaanza kulimwa ngano, kwa msaada wa Kanada, hata yakawa mashamba saba makubwa, ekari zipatazo 100,000. Wafugaji wakaondolewa, na matrekta yakapita hata juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walishitaki, wakashinda Mahakama Kuu, kisha wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Taifa lilikuwa linataka mkate, na mimi mkate naula. Lakini kabla trekta halijafika, alipita kwanza mtu mwenye macho yake mazuri, akatazama, akasema hapa hapana watu.

Wakati wa kushuka nilimweleza mshairi haya yote. Alinijibu vizuri, tena nampa haki yake. "Sasa wewe unataka wote wapande na mashoka? Msitu huu ndio unaoshika maji na udongo." Ni kweli. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huu ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, akakatisha safari. Wataalamu wakaeleza kwamba haikuwa volkano, ni mwamba dhaifu uliokunywa maji mpaka ukashindwa kujibeba. Siwatwishi tope lile akina mama wa kuni. Ila nakumbuka kwamba kwa majuma machache nchi nzima ilijua Hanang kuna watu. Walihesabiwa kwa majina, mmoja mmoja, wakiwa wamekwisha kufa. Kisha tukarudi na madaftari yetu kutafuta kimya.

Kimya kile tulikipata, sitaki kudanganya. Kule juu upepo tu, na nchi imetandazwa chini kama mkeka. Lakini hakikuota chenyewe. Miti imesimama kwa sababu kuna mtu anayeishi chini yake, anayehitaji kuni kuliko mimi, na ameiacha isimame. Mimi nimefika siku moja, nimekula raha ya kujizuia kwake, nimeondoka. Halafu nikiandika nimfute? Hapo ndipo ninapoona deni, na sidhani kwamba linalipwa kwa kiingilio getini.

Mshairi anasema sanaa si sensa. Tumebishana mpaka Babati, na tunabishana bado. Juzi kanionyesha shairi lake limekwisha. Kile "kimya kisichoguswa" kimekuwa "kimya kinachotunzwa". Nikamwuliza, kinatunzwa na nani? Akasema hapo vina vinamkatalia.