Asilimia 70 za Light Yagami

Mwezi uliopita, kwenye karasha moja la kusaga mawe ya dhahabu karibu na Nyarugusu, kijana alipigwa kwa sababu ya kiroba cha mawe kilichopotea. Nilimkuta vumbi jeupe limemganda kwenye kope, damu imejichimbia njia katikati yake. Jioni kiroba kikapatikana: mbia wa mwenye duara, yaani shimo la machimbo, ndiye aliyekihamisha. Kijana yu hai, ila jicho la kushoto limekufa.

Usiku ule mpwa wangu, ambaye ameitazama Death Note sehemu zote 37, akaniambia: "Huyo walimkosea, mjomba, lakini njia yenyewe si mbaya. Hata Kira wanamlaumu bure. Uhalifu ulipungua." Tangu hapo silali vizuri.

Kwa asiyeijua katuni hiyo: Light Yagami, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 17, anaokota daftari la shinigami, mungu wa kifo. Akiandika jina la mtu huku akiikumbuka sura yake, moyo wa mtu huyo unasimama baada ya sekunde 40. Anaanza na wahalifu. Watu wanamwita Kira, naye anaamini anajenga dunia mpya ambayo yeye ndiye mungu wake. Haki ni kumpa kila mtu anachostahili. Hata Light angekubali, kwa hiyo hapo sina ugomvi. Kwamba mahakama iko mbali na maskini hana nauli ya kufuata kesi, ni kweli, na anayelisema hilo namheshimu.

Kinachonichoma ni hili la "ulipungua". Nani alihesabu? Katika sehemu ya mwisho ni Light mwenyewe anayetangaza kwamba vita vimekoma na uhalifu umeshuka kwa zaidi ya asilimia 70. Makachero 12 wa FBI aliowaua, watu ambao hawakumwibia mtu hata sindano, wamo katika hesabu hiyo? Muuaji ndiye karani, na maiti zake haziingizi. Kwetu maiti za namna hiyo huandikiwa "wananchi wenye hasira kali". Mwizi atatajwa jina, umri na kijiji. Wananchi wenye hasira kali hawajawahi kutajwa hata mmoja, na aliyepigwa kwa kosa lisilo lake tunasema ni bahati mbaya, kisha tunarudi kuhesabu wezi waliopungua.

Mpwa wangu akaleta mfano wa Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini. Sawa: walipoanza pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walikimbia kweli. Lakini ukali ule ule uliwageukia vikongwe walioitwa wachawi.

Na kosa la vikongwe hao? Macho mekundu. Hapa siwezi kupita bila kusimama. Katika katuni ile, macho ya shinigami huwaka mekundu, na mwenye nayo huona jina la kila mtu juu ya kichwa chake. Binti aitwaye Misa aliyanunua kwa nusu ya umri uliombakia. Bibi yangu aliyapata kwa kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, maana kuni zilikuwa mbali. Hakuona jina la mtu. Mwishoni hata mimi alinitambua kwa sauti. Kabla ya kwenda gulioni alikuwa ananawa macho kwa maji ya mtungi, anasubiri, ananawa tena. Nilikuwa mdogo, nikidhani ni usafi.

Nikamkumbusha mpwa wangu kwamba mwaka 1976 serikali iliamua kuyakomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi Mwanza na Shinyanga. Washukiwa wakakamatwa, wakateswa, wengine wakafia mahabusu. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, ambaye hakumpiga mtu kwa mkono wake, akajiuzulu. Alikubali vifo vile viitwe kwa jina lake. Light alitumia akili zake zote ili lake lisijulikane.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo. "Lakini waliokufa hawakurudi, mjomba. Kujiuzulu kulisaidia nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosha, na bado nalitafuta. Usiku ambao wezi walichukua ng'ombe wanne wa bibi, daftari lile lingekuwa mkononi mwangu ningeandika. Jina nililokuwa nalo kichwani nalikumbuka. Mwenye nalo sasa anauza mchele sokoni Katoro, na mpaka leo sijui kama ni yeye.