Kura ya Mpangaji

Mkutano uliitishwa kwa sababu ya maji taka. Katika mtaa mmoja wa Kitengela, nyuma ya magorofa yaliyopanda upande wa barabara ya Namanga, maji machafu yalikuwa yakipita milangoni mwa watu tangu mvua zianze, na gari la kunyonya choo linatoza bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja haimudu. Mama mmoja muuza mboga akasimama, akauliza ahadi ya mtaro imefikia wapi. Kabla kiongozi hajafungua kinywa, mzee wa mstari wa mbele akamjibu kwa niaba yake: "Mama, hayo kawaulize viongozi wa kwenu. Hapa wewe ni mgeni tu." Watu wakacheka. Ajenda ikasonga.

Kicheko kile ndicho kilichomchokoza mwandishi wa makala haya kuliko jibu lenyewe. Jibu la mzee mmoja lingeweza kusahaulika. Kicheko kilionyesha kwamba waliokuwapo, wengi wao wapangaji vilevile, waliliona jibu hilo kuwa la kawaida.

Demokrasia haihitaji kuelezwa upya hapa. Watu huchagua wanaowatawala, na wakichoka nao huwaondoa. Kila mtoto wa shule anayajua hayo. Kinachobaki bila kuulizwa ni watu gani. Taifa hujibu kwa kitambulisho na pasipoti. Mji unaokua kwa kuhamiwa, kama Kitengela, hauna jibu rahisi namna hiyo, na kila uchaguzi unapokaribia swali hufukuliwa upya.

Ardhi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei. Sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa pamoja katika ranchi za vikundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanachama wa ranchi ya Kitengela wakaigawanya, kila mmoja akapata kipande chake na hati yake. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje (EPZ), na baadaye viwanda vya nguo vikafunguliwa Athi River, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Wafanyakazi walihitaji pa kulala. Mashamba yakakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, kwenye ploti vikajengwa vyumba vya mabati, kisha vya mawe, kisha magorofa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima, kaunti ilimo Kitengela. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840, na 154,436 kati yao waliishi Kitengela mjini.

Kisheria hakuna cha kubishania. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya, na cha 38 kinampa haki ya kupiga kura na kugombea. Lakini mzee yule hakuwa anazungumza sheria. Hoja yake, ambayo wengine huisema kwa sauti ya chini, ni kwamba kaunti ni boma. Mgeni hukaribishwa, huandaliwa chai, hupewa pa kulala. Ila kumchagua msemaji wa boma si kazi yake.

Hoja hii inakera kwa sababu inavaa joho la adabu. Nani atakataa kwamba mgeni aheshimu boma la watu? Basi na ipekuliwe.

Kwanza, mgeni halipi malazi. Mama wa mboga analipa kodi kila mwezi, na huenda mwenye ploti ni mtoto wa boma lilelile. Karani wa kaunti hupita sokoni kukusanya ada, na hajapata kumwambia mtu yeyote kwamba ada yake akailipe kwao. Zaidi ya hayo, kaunti inamhesabu. Mfumo wa kwanza wa kugawa fedha za serikali kuu kwa kaunti uliweka asilimia 45 ya mgao juu ya idadi ya watu, na mfumo wa pili haukuigusa asilimia hiyo. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki kadhaa ikibishana kuhusu uzito huohuo wa vichwa, na waliotaka uongezwe walikuwa na wimbo wao: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kwa hiyo mpangaji wa Kitengela ni mtu kamili siku ya sensa, ni mtu kamili siku fedha zinapotoka Nairobi, halafu anageuka mgeni siku anapouliza zilikokwenda.

Pili, boma halikuvamiwa. Ardhi iliuzwa, mara nyingi kwa mkataba uliowekwa sahihi mbele ya wakili na kwa idhini ya bodi ya ardhi. Anayeuza uwanja wake ekari baada ya ekari, kisha akamwambia mnunuzi kwamba amenunua udongo peke yake bila sauti juu ya barabara inayopita hapo, anataka bei ya soko na heshima ya ukoo kwa mkupuo mmoja.

Tatu, na hapa ndipo hasira ya mwandishi ilipo, boma halisemi mgeni anakuwa mwenyeji lini. Wahenga walitoa siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Wanasiasa hawajawahi kutaja siku. Na kila mahali barani ambako tarehe ilitajwa, ilichaguliwa na mtu aliyekwisha kujua nani angeachwa nje.

Mfano ulio karibu ni Kongo. Sheria ya 1972 ilikuwa imewapa uraia watu wengi wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu. Mwaka 1981 Zaire ya Mobutu, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo, ikapitisha sheria nyingine: raia ni yule ambaye mmoja wa wahenga wake alikuwa wa kabila lililokuwapo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mwaka huo mipaka yenyewe ilikuwa haijatulia. Mpaka wa Kivu wakoloni walikuja kuafikiana mwaka 1910. Watu wakatakiwa kuthibitisha kwamba babu zao walikuwa ndani ya mstari ambao haukuwa umechorwa. Vita vya Masisi huko Kivu vya 1993, na vile vya 1996 vilivyomng'oa Mobutu, vilikuwa na sababu nyingi, lakini swali hilo la uraia lilikuwa miongoni mwa kuni zake.

Zambia ilifanya hivyo kwa mtu mmoja. Kenneth Kaunda aliongoza nchi ile kwa miaka 27. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia, na wa Kaunda walikuwa wametoka Malawi. Mwaka 1999 jaji akamtangaza kuwa hana uraia wa nchi aliyoipeleka kwenye uhuru. Ikiwa ukaaji wa Kaunda haukutosha, muuza mboga wa Kitengela aleteje ushahidi wake?

Na Kajiado ikiamua kutaja tarehe, itaje ipi? Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwaondoa Wamaasai Bonde la Ufa ili walowezi wapate Naivasha na Nakuru. Ule wa 1911 uliwatoa hata Laikipia, walikoahidiwa kukaa, na kufikia 1913 walikuwa wamesukumwa hadi hifadhi ya kusini, ambayo ni Narok na Kajiado ya leo. Huko walikuta Wamaasai wenzao, lakini wao wenyewe walifika na mifugo iliyochoka na maiti walizoziacha njiani. Walikwenda mahakamani, kesi ikiongozwa na Ole Njogo, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mkataba ule ulikuwa wa dola kwa dola, hivyo mahakama haihusiki. Watu waliohamishwa kwa nguvu namna hiyo wana haki ya uchungu. Kupata tarehe safi ya kuanzia kuhesabu ni jambo jingine.

Hofu yenyewe, kwamba wageni watautwaa uongozi, haijatimia kwa kiasi inavyohubiriwa. Kajiado imekuwa na magavana wawili, David Nkedianye kuanzia 2013 na Joseph Ole Lenku kuanzia 2017, wote Wamaasai, na wote walichaguliwa na kaunti iliyokwisha kujaa wahamiaji. Kajiado Kaskazini, yenye Ngong na Rongai, ilimchagua mbunge asiye Mmaasai, Joseph Manje, mwaka 2013 na tena 2017, na mbingu hazikuanguka. Kabla yake eneo hilo lilikuwa la George Saitoti kwa zaidi ya miongo miwili, hadi alipofariki katika ajali ya helikopta mwaka 2012, na wapinzani wake hawakuchoka kunong'ona kuhusu asili yake.

Kisha kuna jambo ambalo mzee wa boma hulisahau: mkono wa dola hauchagui mwenyeji. Juni 2024 vijana wa Kitengela waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na moshi wa kutoa machozi uliwafikia wote. Agosti 19 ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, pamoja na mwanaharakati Bob Njagi, walitekwa. Hawakuonekana hadi Septemba 20. Mahakama Kuu ilimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi sita kwa kudharau wito wa kueleza walipo, adhabu iliyoondolewa baadaye alipofika. Anayeweza kutekwa Kitengela kwa siasa za Kitengela ana hisa katika siasa hizo. Hiyo ndiyo nguzo ya hoja ya ukaaji: anayeubeba utawala mahali fulani ndiye anayepaswa kuuchagua mahali hapo.

Zipo pingamizi zenye haki zaidi. Wafugaji wachache wanaweza kumezwa na wingi wa mji hata bila nia mbaya ya mtu. Wapangaji wengine huhama kabla ya kuona matunda ya waliyemchagua. Sehemu ya ardhi ilitoka mikononi mwa watu kwa ulaghai, si kwa bei.

Lakini neno la mzee, "kwenu", halitaki kuachia. Kwenu ni wapi? Wakenya wengi wakibanwa hujibu kwamba ni pale mtu atakapozikwa, na hapo kuna kesi inayostahili kukumbukwa, hasa kwa kuwa ilihusu shamba lililo Kajiado hiihii.

Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu aliyewahi kuwekwa kizuizini Lamu, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari zaidi ya miezi mitano huku mawakili John Khaminwa na Richard Kwach wakivutana na magazeti yakichapisha ushahidi karibu neno kwa neno. Mchimba kaburi alipanda kizimbani. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye alitoa ushahidi juu ya mila za Wajaluo, na huenda ndiyo siku pekee ambapo falsafa ya Kiafrika iliwekwa kwenye kiapo nchini Kenya. Mei 15, 1987 Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi, na Mei 23 Otieno akazikwa Nyalgunga. Majaji walikubali kwamba mtu anaweza kununua na kujenga atakako. "Kwao", hata hivyo, hakuchagui yeye; amezaliwa nako.

Uamuzi ule ungekuwa rahisi kuubeza kama Wakenya wenyewe hawangeutii kila wiki. Ijumaa jioni, nje ya mochari za Nairobi na viunga vyake, matatu na mabasi hujipanga, vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vioo vya pembeni, jeneza limelala juu ya viti vilivyokunjwa, kuelekea Siaya, Kisii, Kakamega, Kitui. Wengine ni wakaazi wa Kitengela wa miaka thelathini. Walilipa kodi hapa, walisomesha hapa, walipiga kura hapa, na walipokufa familia zao zilitamka, bila kulazimishwa na yeyote, kwamba hapa hapakuwa kwao. Mzee wa boma angeuonyesha msafara huo na kunyamaza, na hoja ya ukaaji ingetikisika. Haianguki: kaburi linasema mtu anatoka wapi, ilhali kura inahusu nani atamchimbia mtaro. Ila imetikisika.

Sheria ya uchaguzi yenyewe inavuta huku na huku. Mkenya anayefanya kazi Doha aliruhusiwa kupiga kura mwaka 2022, lakini ya urais tu. Gavana na mwakilishi wadi hawamhusu. Nchi humruhusu kumchagua rais kwa asili yake ingawa hayupo, na kaunti humnyima kwa sababu hayupo. Walioandikishwa ng'ambo mwaka huo walikuwa 10,443, idadi ambayo mtaa mmoja tu wa Kitengela ungeifikia.

Na mgogoro unaokuja ni wa ramani kuliko wa matusi mikutanoni. Muda ambao Katiba iliweka wa kupitia upya mipaka ya maeneobunge ulipita Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna. Kajiado ina maeneobunge matano, na kwa kigezo cha vichwa pekee Kitengela na Rongai zingedai zaidi, huku nyanda za malisho kuelekea Magadi na Namanga zikipungukiwa. Kifungu cha 89 kinaruhusu idadi ya watu katika eneobunge izidi au ipungue wastani kwa asilimia 40 katika majiji na katika maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa maneno mengine, Katiba ileile iliyompa mpangaji kura yake imekubali kwamba kura ya mfugaji anayeishi kilomita nyingi kutoka kwa jirani yake inaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko ya mpangaji wa ghorofa ya nne. Hilo si hoja ya boma, wala si hoja ya ukaaji. Tume itakapoketi na ramani ya Kajiado mezani, itahitaji kujua asilimia hizo zinamlinda nani na hadi lini, na yote yaliyosemwa hapa kumtetea mama wa mboga hayaiambii mstari upite wapi.