Paulo Alijua Haki Yake
Somo: Matendo 22:22–29



Paulo alikuwa amekwisha kufungwa kamba, mijeledi iko tayari. Angeweza kunyamaza. Lakini alimkumbusha akida kwamba yeye ni raia wa Rumi na hajahukumiwa. Imani yake haikupungua kwa kuitaja sheria.

Dada mmoja wetu alikuwa akidhihakiwa kazini kwa asili yake, na zamu nzuri wanapewa wengine. Alipokuja kwangu nilimwambia, “Vumilia, tuombe.” Tukaomba miezi minane. Alipokwenda kulalamika, muda wa kisheria ulikuwa umepita. Ninatubu mbele yenu.

Hapa Texas, Sura ya 21 ya Sheria ya Kazi inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi, taifa alikotoka, dini, jinsia, ulemavu, au umri wa miaka 40 na kuendelea. Tena hairuhusu kumlipizia kisasi aliyelalamika. Lakini malalamiko kama ya dada yetu yanatakiwa kufika TWC, tume ya kazi ya jimbo, ndani ya siku 180.

Basi andika tarehe, maneno uliyoambiwa na majina ya waliosikia. Tunza ratiba za zamu na stakabadhi za mshahara. Kiingereza kikikusumbua, njoo baada ya ibada tujaze fomu pamoja.

Msimamizi wako msamehe leo. Malalamiko yako yapeleke kesho. Tutaendelea kuomba, huku tukihesabu siku.

Amina.