Picha ya Ndege wa Njiani

Picha ya ndege wa porini, yaani ndege asiyefugwa, iliyopigwa kwa simu na mtu aendaye sokoni au kituo cha basi, haistahili kudharauliwa kwa kuwa haikutoka safi, kwani ikiambatana na tarehe na mahali huwa ushahidi wa kisayansi. Kwa mfano, kunguru wa India, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akaenea mwambao wote, akila mayai na makinda ya ndege wenyeji. Ili kumtofautisha na kunguru mwenyeji, aliye na kifua cheupe, hutosha picha moja tu. Anayemwona kunguru wa India katika mji wa bara ambako hajazoeleka, na ampige picha papo hapo.