Tukialikwa Karamuni

Kwaresima ikiisha, karamu huanza. Watoto hupokea Komunyo yao ya kwanza, vijana hupewa Kipaimara, wachumba waliongoja kwa saburi hufunga ndoa, na mapadre waliotimiza miaka 25 ya upadre hufanyiwa sherehe. Huko Lemara, upande wa kusini wa jiji la Arusha, jirani na Njiro, mtu akitembea alasiri ya Jumamosi husikia matarumbeta kabla hajaona turubai. Twautaja mtaa huo kwa kuwa watu wa makabila mengi wamekaa pale pamoja, Waarusha, Wameru, Wachaga, Wapare, Warangi na wengineo, nao hualikana na kula pamoja. Lakini msomaji wetu wa Songea au wa Bukoba ataona upesi kwamba habari hii ni yake pia.

Wazazi wengi husumbuka kwa sababu watoto wao hawajui adabu ya meza kubwa. Nao wana haki ya kusumbuka. Arusha ni mji wa mikutano. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo. Jumba kubwa la mikutano lipo tangu mwaka 1978. Kijana aliyekulia kwenye migomba chini ya Mlima Meru aweza kualikwa chakula cha jioni pamoja na mabalozi, au aweza kuwa ndiye mwenye kuwaandalia. Katika chuo cha VETA cha hoteli na utalii kilichoko Njiro, vijana husomea kazi hiyo ya kuhudumia wageni, nayo ni kazi ya heshima. Haifai kijana akae mezani akitetemeka kwa ajili ya vijiko.

Basi tuyaseme mambo hayo kwa ufupi, maana si mazito. Leso ya mezani huwekwa mapajani, haifungwi shingoni. Uma huwa kushoto. Kisu na kijiko cha supu huwa kulia. Vikiwa vingi, mtu huanza kutumia vile vilivyo nje kabisa, akisogea kuelekea sahani. Mkate wako u upande wa kushoto, bilauri yako i upande wa kulia, na asiyejua hilo hunywa maji ya jirani yake. Usianze kula kabla ya mwenye karamu. Usiseme na tonge kinywani. Usinyoshe mkono mbele ya uso wa mwenzako kutafuta chumvi, bali omba upewe. Umalizapo, laza kisu na uma pamoja juu ya sahani. Ukisahau, mtazame mwenzako afanyavyo, ukaendelee bila wasiwasi. Saa moja ya mafundisho nyumbani, kwa sahani tupu, yatosha kabisa.

Lakini mtu asidhani kwamba uma ndio ustaarabu. Wakristo wa Ulaya walikula kwa vidole kwa karne nyingi, wafalme na maaskofu pamoja nao. Katika karne ya 11, Mtakatifu Petro Damiani, kardinali ambaye baadaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wake, alimlaumu vikali mke wa mtawala wa Venice aliyekuwa akila kwa uma wa dhahabu. Aliona ni anasa na majivuno. Hata mwaka 1611, Mwingereza Thomas Coryat alipowasimulia watu wa nchi yake jinsi Waitalia walavyo kwa uma, wenzake walimfanyia mzaha. Kumbe kitu ambacho leo mtoto huonewa kwa kutokukijua, mtakatifu alikiona kuwa dhambi! Desturi za vyombo hubadilika.

Nasi tulikuwa na adabu zetu kabla ya kuuona uma. Kijana alipita na birika na beseni, akianza kwa wazee, nao walinawa huku akiinama kwa heshima. Tuliokula sinia moja tulijua kwamba mtu hula upande wake, kwa mkono wa kulia, wala haruki kwenda kuchukua mnofu ulio mbele ya mwenzake. Nyama iliachwa katikati mpaka mzee aigawe. Kwa Waarusha mtoto humwinamishia mzee kichwa ili amguse, na mtoto aliyezoea kuinamisha kichwa hivyo hatakuwa wa kwanza kunyosha mkono. Ndafu inapoletwa arusini, mbuzi mzima aliyebanikwa, hukatwa na kulishwa wakwe kwa utaratibu, na kila mtu huona nani anaheshimiwa na nani. Hayo yote yalikuwa shule. Mzazi anayemfundisha mwanawe kushika kisu vizuri huku akimwachia kusahau birika na beseni ametupa shilingi akaokota senti.

Maandiko Matakatifu nayo hayakuona haya kusema juu ya chakula. Yoshua bin Sira, ambaye ndugu zetu Walutheri hawamhesabu katika Biblia yao lakini sisi twamsoma, aliandika Yerusalemu karibu miaka 180 kabla ya Kristo, na katika sura ya 31 ya kitabu chake amefundisha jinsi ya kuketi kwenye meza ya mkubwa. Anamwonya mtu asishangae kwa sauti wingi wa vyakula, asinyoshe mkono kwa kila akionacho, asigongane na mwenzake bakulini, ale kama mwanadamu, awe wa kwanza kuacha. Sababu anayoitoa, tena mapema, yatupasa kuitia moyoni: mtu apime haja za jirani yake kwa haja zake mwenyewe. Hasemi kwamba wakubwa watakucheka. Anasema yupo mwingine mezani, naye ana njaa kama wewe.

Tukiipima karamu ya siku hizi kwa kipimo hicho, twaona aibu kuliko aibu ya uma.

Twende kwenye foleni ya chakula. Wageni hujipakulia wenyewe, na mtu wa mbele hupanda mlima: pilau, juu yake ndizi, juu yake makande, kuku vipande vitatu, nyama ya kubanika, na chapati ya kufunikia. Hula nusu. Nusu nyingine hubaki sahanini pamoja na mifupa na karatasi za kufutia mikono, wala hakuna awezaye tena kumpa mtu kwa heshima. Huko nyuma, meza za mwisho, zile zilizo karibu na mlango, hukuta masufuria yakikwanguliwa. Tumemwona mgeni aliyevaa suti njema, aliyejua sana mambo ya leso na kisu, akifanya hivyo bila kugeuka nyuma hata mara moja. Bwana wetu alipowashibisha watu elfu tano kwa mikate mitano, aliwaamuru mitume wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali itupwe. Itakuwaje sisi, ambao mchele wetu umenunuliwa kwa michango ya watu?

Na hapa tumefika penye jambo gumu, yaani hiyo michango. Hatuilaumu. Ni desturi njema ya nchi yetu kwamba ndoa ya mmoja hubebwa na wengi, na vijana wengi maskini wasingeweza kuwakirimu wazee wao bila msaada wa jirani. Lakini siku hizi kamati huweka kiwango, na aliyetimiza kiwango hupewa kadi, ya mtu mmoja au ya watu wawili, na mlangoni husimama kijana wa kuangalia kadi. Asiye na kadi haingii. Fikirini basi mama mjane wa jumuiya ndogondogo, aliyesali rozari pamoja na bibi arusi tangu huyo alipokuwa msichana, aliyekaa siku mbili akichambua mchele na kumenya ndizi. Asubuhi alikuwa kanisani, akapokea Ekaristi Takatifu kwenye safu ile ile pamoja na mwenyekiti wa kamati. Jioni anasimama nje ya ukumbi akisikiliza muziki, kisha anakwenda zake. Hakuna mtu aliyemtukana. Kila kitu kimefuata utaratibu.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa ajili ya jambo la namna hiyo. Walikutana kwa Karamu ya Bwana, lakini kila mmoja alikula chakula chake upesi, huyu akibaki na njaa na yule akilewa. Paulo hakuwaambia kwamba wamekosa ustaarabu. Aliwaambia wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Kisha, baada ya kueleza jinsi Bwana alivyoiweka Ekaristi, akawapa agizo dogo ambalo hata mtoto aweza kulishika: wakutanapo kula, wangojane. Maneno mazito kuliko yote juu ya Mwili na Damu ya Kristo, na agizo la kungojana mezani, yamo katika sura moja, ya 11. Mtu asitenganishe meza hizo mbili.

Kamati nyingine zimeanza kutenga viti kumi au kumi na viwili kwa ajili ya wazee na maskini wa jumuiya, bila kadi na bila kutangaza. Kamati zote zaweza kufanya hivyo. Haipunguzi chochote ila maua ya mezani.

Tuseme pia juu ya kuchelewa, maana ni utovu wa adabu ambao tumeuzoea hata hatuuoni. Kadi husema saa kumi na mbili jioni. Mgeni rasmi hufika saa tatu na nusu. Watoto wamelala vitini, wazee wenye kisukari wanatafuta angalau kipande cha mkate, na hakuna ruhusa ya kufungua chakula mpaka mkubwa awasili, apigiwe vigelegele na kusindikizwa mpaka meza kuu. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki wake karne ya 6, sura ya 43, aliagiza kwamba mmonaki achelewaye mezani kwa uzembe aonywe, na asipojirekebisha baada ya kuonywa mara mbili, ale peke yake na kunyimwa divai. Tungeifuata kanuni hiyo Lemara, baadhi ya wageni rasmi wetu wangekuwa watu wapweke sana.

Juu ya hiyo meza kuu hatuna mengi ya kuongeza, kwa kuwa Bwana mwenyewe amekwisha kusema katika Injili ya Luka, sura ya 14, juu ya wale wanaochagua viti vya mbele. Tungependa tu mshereheshaji naye afunguliwe kitabu cha Sira, sura ya 32, ambapo aliyewekwa kusimamia karamu anaambiwa asijikuze, bali awatunze watu kwanza, ndipo aketi. Wako washereheshaji ambao jina lao wenyewe twalisikia mara nyingi kuliko jina la bwana arusi. Tena sala ya kubariki chakula isiombwe wakati nusu ya watu wameshika sahani. Na ile ya kushukuru baada ya kula, ambayo wazee wetu hawakuiacha hata walipokula uji mtupu, irudishwe.

Sasa turudi nyumbani, maana hakuna mtu aliyejifunza adabu siku ya karamu. Mtoto hujifunza mezani kwao, Jumatatu na Jumanne, kwa kuangalia. Naye huangalia nini? Katika nyumba nyingi za mjini yuko msichana wa kazi, aliyetoka kijijini akiwa bado mdogo. Ndiye apikaye, ndiye apakuaye. Jamaa huketi, baba husali vizuri, watoto hukumbushwa wasiweke viwiko mezani. Msichana hula jikoni, amesimama, kilichobaki chini ya sufuria. Jumapili huenda Misa ya kwanza peke yake ili awahi kurudi kupika. Watoto wa nyumba hiyo wanafundishwa adabu kila siku, nao wanaishika vyema: wanajifunza kwamba wako watu wa kuketi na watu wa kusimama. Watakapokuwa wakubwa watasimama mlangoni kuangalia kadi, wala mioyo yao haitawasuta.

Twawaomba akina baba na akina mama walitazame jambo hili usiku wa leo. Kuongeza kiti kimoja si gharama. Huenda msichana mwenyewe ataona haya mwanzoni, atataka kubaki jikoni. Basi mama amwite kwa jina, amwonyeshe kiti chake, ampakulie kabla ya watoto wadogo. Hapo somo la uma na kisu laweza kuanza, na yeye afundishwe pamoja nao.

Na wenyeviti wa kamati za arusi na za Komunyo ya kwanza, mtakapoketi kupanga hesabu, kabla hamjapiga chapa kadi hata moja, andikeni kwanza sahani za wapishi, za walinzi, za madereva, za wapiga matarumbeta, na za vijana watakaoosha vyombo usiku ule. Zipakuliwe mapema, zifunikwe, ziwekwe mahali pa moto, na mmoja wenu apewe kazi ya kuhakikisha kwamba zimewafikia.